Kuulizia Kazi ya Fedha Baada ya Usaili

Kijana wa Dongobesh au Katesh atafutaye kazi ya uhasibu aghalabu hujiandaa kwa majuma mengi, akapitia upya urari na usuluhisho wa benki, akaazima koti na kuinyoosha suruali. Walakini akishatoka katika chumba cha usaili huona kana kwamba mambo yamekwisha, naye ama hukaa kimya kama aliyesahau alikwenda kutafuta nini, ama huanza kumsumbua kila amjuaye. Yote mawili ni taksiri, na katika kazi ya fedha yana uzito zaidi kuliko katika kazi nyingine, kwa kuwa mwajiri anayemtafuta mtu wa kukabidhiwa amana za watu huendelea kumpima hata baada ya maswali kwisha.

Ni lazima kwanza kujua aliye na jibu. Kwa kazi za serikali, kama za wahasibu wa halmashauri, usaili ukiendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, majina ya waitwao kazini hutangazwa katika tovuti yake, na afisa wa wilayani huenda hana habari zaidi kuliko wewe. Anayepanda basi kwenda Mbulu mjini kumwuliza mweka hazina hupoteza nauli na kumtia mwenziwe katika fedheha. Tena aliyefaulu akakosa nafasi asikate tamaa, kwani jina lake huweza kuhifadhiwa katika kanzidata na kuitwa nafasi ipatikanapo. Benki nazo, ijapokuwa zina matawi huku, uamuzi wao wa mwisho mara nyingi hutoka makao makuu.

SACCOS ndizo zenye mambo mengi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 zimewekwa katika daraja la tatu, chini ya usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na ajira humo aghalabu ni shauri la bodi, wala si la meneja peke yake. Wajumbe wa bodi ni wakulima wa ngano na mbaazi, walimu na wafugaji, wenye mashamba na mifugo ya kuangalia; mavuno yakiwadia, kikao huahirishwa, na kimya kile ambacho msailiwa anakidhani kuwa dharau huenda ni akidi tu haikutimia.

Mwenyekiti wa bodi ya namna hiyo aandikiwe barua fupi, katika siku moja au mbili baada ya usaili, yenye shukrani na jambo moja lililozungumzwa. Kwa mfano: “Ndugu Mwenyekiti, nakushukuru wewe na wajumbe kwa kunisaili Jumanne kwa nafasi ya afisa mikopo. Mliniuliza nitamfanyia nini mwanachama aliyekopa kwa ajili ya ngano, kisha mvua ikamnyima. Nimelifikiri tena, na ningali naona kwamba ni kwenda shambani kwake kwanza, kabla ya kumwandikia barua ya madai. Nakala za vyeti na majina ya wadhamini ninayo tayari.” Hapo hapana kujipendekeza wala kuomba huruma; tena tarehe na jina la nafasi viwe sahihi, maana mtunza hesabu anayekosea tarehe katika barua ya shukrani amejishuhudia mwenyewe. Siku waliyoahidi ikipita, piga simu mara moja, saa za kazi, uulize kama uamuzi umefikiwa, kisha subiri.

Shida kubwa ya wilaya hizi ni kujuana. Mwenyekiti wa bodi utamkuta mnadani akitazama ng'ombe, au kanisani Jumapili, naye huenda ni rafiki wa baba yako. Kumwamkia kwa taadhima ni adabu, lakini kumvuta kando na kumwuliza habari za kazi ni kumbana mzee wa watu mbele ya wenziwe, na kumpelekea jogoo nyumbani ni kuingia katika mkono wa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Nami naona ajabu kwa mtu kuanza kwa hongo safari ya kulinda fedha za wengine.

Simu nayo iwe hewani, na namba ya pili iachwe kwa mwajiri, hasa kwa anayeishi kwenye mabonde ambako mtandao ni wa kubahatisha. Akipiga mtu asiyejulikana akidai ada ya mafunzo au pesa ya “kusukuma faili”, huyo ni tapeli.

Na jibu likija kuwa hukuchaguliwa, shukuru kwa maandishi, ukauliza kwa heshima ulipopungukiwa, kwani karani aliyechaguliwa huenda akaitwa benki kabla ya mwaka kwisha, na bodi ikatafuta tena. Basi wewe uliyesailiwa juma hili na hujaandika, andika leo.