Malaria na Damu Yetu

Wenzangu chamani, hapa Kakamega malaria twaijua sote. Lakini kwa nini mbu awaume wawili, mmoja alazwe, mwenziwe aondokee homa tu? Nilimwuliza mwalimu wa Bayolojia, akaniambia, "Tazama damu."

Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa humu Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali nchini. Selimundu ilijaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, penye malaria. Nyanda za juu ilikuwa haba. Mwaka 1954 akaeleza sababu: aliyerithi jeni moja ya selimundu hukingwa na malaria kali. Si kwamba haugui, la! Huugua, ila si rahisi imuue. Aliyerithi mbili, ya baba na ya mama, ndiye mgonjwa wa selimundu, na malaria kwake ni hatari kubwa. Mimi naiona hesabu hiyo chungu.

Na chuma je? Kijidudu cha malaria nacho hukihitaji. Kule Pemba, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watoto waliopewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki walilazwa au kufa kwa asilimia 12 zaidi ya wasiopewa. Kwa hivyo ukiambiwa damu imepungua, usikimbilie vidonge vya dukani hivi hivi, pimwa kwanza. Kulekule Pemba, waliopungukiwa na chuma kweli, na malaria yao ikifuatiliwa na kutibiwa, vidonge viliwafaa.