Siri ya Mtungi Aijuaye ni Kata: Tujifunze Kuhariri Video za Nyumbani Mwetu

Katika arusi zetu za Pwani, usiku wa kupamba ni usiku wa wanawake peke yao. Wanaume huondoka, mlango hufungwa, na mlangoni husimama mmoja wetu mwenye kikapu cha kukusanyia simu. Humo ndani mabuibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, vugo hupigwa, na bi arusi huketi akatazamwa na wenzake. Mpiga picha naye huwa ni mwanamke, kwani kila familia imekwisha kujua umuhimu wa jambo hilo. Mlangoni tumejizatiti barabara. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaouliza: sherehe ikishakwisha, ile kadi iliyomo ndani ya kamera yaenda wapi?

Sisi tulijifunza kuuliza swali hilo baada ya kuumia. Katika arusi ya binti yetu mmoja, mpiga picha alikuwa mwanamke mwaminifu, mwenye adabu zake. Kupiga alijua, ila kuhariri hakujua. Kadi akaipeleka kwa kijana wa dukani, kama alivyozoea, naye kijana akaitazama saa zote nne za usiku wetu ili azipunguze ziwe saa moja. Wiki tatu baadaye, kipande cha sekunde 11 kikawa chazunguka katika makundi ya simu, kimefanywa tangazo la kazi. Ndani yake alionekana shangazi wa bi arusi, mama wa watu ambaye tangu utu uzima wake hakuna mwanamume ajinabi aliyewahi kuona nywele zake. Duka liliomba radhi na kipande kikaondolewa, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Shangazi yetu hakulia mbele yetu. Alisema tu kwamba hatahudhuria tena arusi yenye kamera, na hadi leo neno lake hajalivunja.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata yao ilikuwa ya kuchotea maji. Yetu ya leo ni ya kukatia video, na maana ni ile ile. Anayekata ndiye aonaye yote, yaliyobakishwa na yaliyotupwa. Ikiwa tumeona haja ya mpiga picha kuwa mwanamke, hatuna budi kuona pia haja ya mhariri kuwa mmoja wetu. Basi tukaketi, akina mama na mabinti watano wa nyumba moja, mbele ya kompyuta kuukuu, tukajifunza. Haya ndiyo tuliyoyapata, kwa mpangilio ambao tungependa tuelezwe sisi siku ya kwanza.

Chombo cha kuanzia

Hapana haja ya kununua programu, wala ya kutumia za wizi ambazo mara nyingi huja na virusi. Zipo programu nzuri zitolewazo bure na watengenezaji wake wenyewe, kama vile Shotcut, Kdenlive na OpenShot. Ipo pia DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure, lakini hiyo yataka kompyuta yenye nguvu. Sisi tulianza na Shotcut. Haidai akaunti, na ukishaiweka katika kompyuta yako hufanya kazi bila intaneti.

Wengi watauliza kwa nini tusitumie simu. Simu yafaa kwa mambo madogo ya hadharani. Lakini programu nyingi za simu hukutaka ufungue akaunti, na baadhi yake huhifadhi kazi yako katika hifadhi za mtandaoni. Kwa picha za faragha, kompyuta isiyounganishwa na intaneti ni salama zaidi. Yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 yatosha kwa kuanzia, ila kabla ya kupiga picha uiweke simu au kamera katika kipimo cha 1920 kwa 1080. Kipimo kikubwa zaidi huilemea kompyuta ndogo, na faida yake haionekani katika runinga nyingi za majumbani mwetu.

Ukili na mkeka

Anayejua jinsi mkeka ushonwavyo amekwisha kujua nusu ya kazi hii. Mshonaji husuka ukili mrefu, kisha akaushona ubavu kwa ubavu hadi mkeka ukatimia. Filamu za zamani nazo zilikuwa ukanda halisi, ukikatwa kwa mkasi na kuungwa kwa gundi. Huko Hollywood katika miaka ya mwanzo, wakataji wengi walikuwa wanawake, kwa sababu kazi hiyo ilihesabiwa kuwa jamaa ya ushoni. Anne Bauchens, aliyezikata filamu za Cecil B. DeMille kwa takriban miaka 40, alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Oscar ya uhariri, kwa filamu ya mwaka 1940. Kwa hivyo asituambie mtu kwamba kazi hii si ya wanawake.

Siku hizi ukanda umekuwa mchoro kwenye kioo cha kompyuta. Sehemu ya chini ya programu pana mstari wa wakati, ambao mafundi wauita taimulaini. Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia: kushoto ni mwanzo wa video, kulia ni mwisho wake, na juu yake zimeandikwa dakika na sekunde. Kila kipande cha video huonekana kama kisanduku, na kisanduku kirefu ni kipande cha muda mrefu. Mstari mwembamba wa wima hutembea juu ya visanduku hivyo na kuonyesha mahali ulipofika.

Mstari huo una safu kadhaa, moja juu ya nyingine, na hapa pana kanuni moja ambayo ukiishika utaokoa siku nyingi za kubahatisha. Picha ya safu ya juu huifunika picha ya safu ya chini. Sauti hazifunikani, zote zasikika pamoja.

Baada ya hapo kazi yote ni vitendo vinne: kuweka, kukata, kuondoa na kusogeza. Katika Shotcut, herufi S hukata kipande pale ulipo mstari wa wima. Herufi X huondoa kipande na kuziba pengo, na herufi Z huondoa kipande na kuliacha pengo wazi. Ukikosea, bonyeza Ctrl na Z kwa pamoja, kosa litarudi nyuma. Kwa muda wa wiki nzima hatukutumia kitu kingine zaidi ya hivyo.

Zoezi la kwanza: mkate wa sinia

Tusianze na arusi. Arusi ni amana ya mtu, na mwanafunzi hafunzwi kushona kwa kitambaa cha wenyewe. Sisi tulianza na nyanya yetu na mkate wake wa sinia.

Kwanza tulirekodi sauti yake peke yake, kwa idhini yake, akieleza kuanzia kuroweka mchele hadi kuutoa mkate motoni. Simu tuliiweka karibu naye, feni tukaizima na madirisha tukayafunga. Siku ya pili tulipiga picha za mikono yake tu: mchele ukioshwa, tui likikamuliwa, hiliki ikipondwa, hamira ikitiwa, uji mzito ukimiminwa katika chombo kilichopakwa samli, makaa yakipangwa chini na juu ya kifuniko. Kila kipande tulikishika bila kutikisika kwa sekunde kumi au zaidi, simu ikiwa imelazwa ubavu.

Kisha tukaiweka sauti katika safu yake ya chini, tukaisikiliza yote, tukakata vikohozi na pale alipomfukuza paka. Maelezo ya dakika 20 yakabaki dakika 6. Hatimaye tukazipanga picha za mikono katika safu ya juu, kila moja pale maneno yake yanapotajwa. Uso wa nyanya haukuonekana hata mara moja, na hakuna aliyeutafuta. Wajukuu walioko Dubai waliitazama, nao wakapika.

Makosa tuliyafanya mengi. Tuliweka madoido kila baada ya kipande, picha zikazunguka na kuyeyuka hadi macho yakachoka. Tuliyaondoa yote na video ikatulia. Tuliweka dufu kwa sauti ya juu likammeza nyanya. Tazameni kipimo cha sauti: mazungumzo yakicheza karibu na alama ya 12 chini ya sifuri husikika vizuri, na yakigusa sifuri hupasuka. Na mkitaka kutuma video kwa WhatsApp, itumeni kama hati na si kama video ya kawaida, ili isibanwe ikapoteza uzuri wake.

Kukata si kufuta

Sasa twafika kwenye jambo ambalo lau tungelijua mapema, tungelijua pia la kumwuliza yule mpiga picha.

Programu hizi haziigusi video yenyewe. Unapokata kipande katika mstari wa wakati, faili iliyotoka katika kamera hubaki nzima vile vile. Programu huandika maagizo tu: ichukue faili fulani, ianzie sekunde ya 14, ikomee ya 22. Maagizo hayo huhifadhiwa katika faili ndogo ya mradi, na ni pale mwisho unapoiagiza itoe video kamili ndipo faili mpya hutengenezwa.

Jambo hili lina matokeo mawili. La kwanza ni la utaratibu. Kabla ya kuanza, wekeni video zote katika folda moja ndani ya kompyuta, kisha msibadilishe majina yake wala kuzihamisha. Sisi tulianza kazi kwa video zilizokuwa ndani ya flashi. Kijana wetu akaichukua kwenda kuchapisha karatasi zake, na jioni programu ikatuambia haioni chochote.

La pili ndilo zito. Ukimwondoa mtu katika video, hukumfuta. Yumo bado katika faili ya asili. Ukiufunika uso wake kwa ukungu, uso u wazi chini ya ukungu huo katika faili ile ile. Kwa hivyo mwenye kumsitiri mwenzake asitosheke na video iliyokamilika. Amtumie bi arusi video kamili peke yake, wala asiitoe folda ya mradi kwa mtu yeyote. Faili za asili zihifadhiwe katika diski moja ya pembeni, ikae kwa familia ya bi arusi, kisha zifutwe katika kadi na katika kompyuta. Ikiwa zilipigwa kwa simu, zifutwe pia katika pipa la taka la simu, ambamo mara nyingi hukaa takriban siku 30, na iangaliwe kama simu hiyo huzipandisha picha mtandaoni yenyewe.

Na kabla ya kutoa video kamili, itazameni mara mbili hadi mwisho. Mara ya pili msimtazame bi arusi. Tazameni nyuma yake, katika vioo vya kabati, katika milango iliyo wazi. Sisi tulimkuta mama mmoja akivaa, ndani ya kioo, katika kipande tulichokwisha kukiita kizuri. Hapo dawa ni kukiondoa kipande chote.

Masharti ya kukubaliana

Familia isiyo na mhariri wake isikate tamaa, bali iweke masharti kabla ya kutoa malipo ya kwanza, tena kwa maandishi. Nani atahariri, na wapi? Nakala ngapi zitabaki, na kwa nani? Kadi itarudi lini? Je, pamekubaliwa kwamba hakuna hata picha moja itakayofanywa tangazo? Mpiga picha mwema hatachukia maswali haya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeihesabu picha imtambulishayo mtu kuwa katika taarifa zake binafsi, na aliyedhulumiwa katika jambo hili aweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Lakini bora zaidi ni tuwafunze mabinti zetu. Kazi hii hufanywa nyumbani, haitaki mtaji mkubwa, na wako akina mama watakaomlipa kwa furaha binti wanayemjua kwa jina la mamake.

Mwaka huu tumeoza tena. Usiku wa kupamba ulipigwa na mwanamke na kuhaririwa na binti yetu chumbani mwake, kwa usiku saba. Tulimpelekea shangazi video iliyokamilika aitazame. Aliitazama kimya hadi mwisho, kisha akauliza: “Na zile nyingine ziko wapi?” Binti akamwonyesha diski, imefungwa kwa leso ndani ya sanduku la mama wa bi arusi. Shangazi akaishika, akaigeuza, akairudisha.

Hakusema kwamba atakuja arusi ijayo, nasi hatukumwuliza. Ila tumeazimia kwamba swali lake liwe ndilo swali la kila nyumba inayoalika kamera. Mwenyezi Mungu atusitiri sote, na atuwezeshe kuzichunga amana tulizopewa.