Kimea cha mbege Rombo ndicho uji wa watoto India

Tarakea. Katika familia nyingi za Rombo, bibi anajua kuotesha ulezi bila kuangalia saa. Anajua ulowekwe mpaka lini, ufunikwe vipi na uanikwe lini kabla chipukizi halijawa refu mno. Ujuzi huo umerithishwa kwa vizazi, lakini mara nyingi huishia kwenye chungu kimoja tu: cha mbege.

Mjukuu wa bibi huyo, asubuhi hiyohiyo, anaweza kuwa anakunywa uji mwepesi wa mahindi au chai ya rangi na kipande cha chapati.

Tofauti hiyo niliiona vizuri nilipokuwa mbali na nyumbani, Bengaluru, makao makuu ya jimbo la Karnataka, kusini mwa India. Nilimsindikiza shangazi yangu kwa matibabu. Kama wafanyavyo Watanzania wengi wanaotibiwa huko, tulipanga chumba karibu na hospitali tukakaa wiki kadhaa.

Mama mwenye nyumba alikuwa analea mjukuu wa miezi minane. Siku moja tulimkuta juu ya paa akianika nafaka ndogo nyekundu zilizoanza kuchipua. Shangazi, mzaliwa wa Tarakea, alichukua punje chache, akazinusa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama na huku wanapika mbege.

Ulikuwa ulezi, na ulikuwa wa mtoto. Watu wa huko wanauita ragi. Mama yule aliuotesha, akaukausha, akausaga na kuuchekecha kwa kitambaa chepesi mpaka ukawa laini, kisha akapika uji unaoitwa ragi sari, wakati mwingine ukitiwa samli kidogo. Watu wazima wanakula ragi mudde, ugali wa ulezi unaofinyangwa kuwa donge la duara na kuchovywa kwenye mchuzi. Shangazi alikula, akasema kilichokosekana ni mnafu tu.

Vyakula vilivyovuka bahari

Kwa asili ulezi ni wa kwetu. Wataalamu wa historia ya mimea wanaeleza kuwa ulianza kulimwa katika nyanda za juu za upande huu wa Afrika, kati ya Ethiopia na Uganda, ndipo ukafika India maelfu ya miaka iliyopita. Leo Karnataka inaongoza kwa kilimo chake nchini humo, na ni India iliyopendekeza Umoja wa Mataifa uutangaze mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa ulezi, uwele na nafaka nyingine za jamii hiyo.

Ndizi ilisafiri kuja upande wetu. Asili yake ni kusini mashariki mwa Asia, lakini leo huwezi kuzungumzia kihamba cha Mchaga bila mgomba. Mfumo huo wa kilimo cha kihamba, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu mkoani Kilimanjaro, ulitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani.

Kwa hiyo ndani ya kata ya mbege, ndizi yenye asili ya Asia imekutana na ulezi wa Afrika.

Chapati, sambusa na chai ya viungo vilikuja baadaye sana pamoja na wafanyabiashara na vibarua kutoka India, wakiwamo walioletwa kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria kati ya mwaka 1896 na 1901. Leo kwenye vibanda vya Tarakea, karibu na mpaka wa Kenya, hakuna anayeiita chapati chakula cha kigeni.

Kimea kinafanya nini

Uji wa ulezi unajulikana nchini. Kinachosahaulika ni kuuotesha kwa ajili ya mtoto, ingawa wataalamu wetu wa lishe walihimiza matumizi ya kimea katika uji wa watoto tangu miaka ya 1980.

Sababu ni tumbo dogo la mtoto. Uji mzito unamshinda kumeza, hivyo mama anaongeza maji. Unapokuwa mwepesi, mtoto anashiba maji huku nguvu na virutubisho vikiwa haba. Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga. Ukitia kimea kidogo kwenye uji mzito, unalainika bila kuongeza maji, na kikombe kilekile kinabeba unga mwingi zaidi.

Kuotesha pia hupunguza kemikali za asili zinazozuia mwili kufyonza madini ya chuma. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, madini ya mifupa na meno. Mahindi hayafikii hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho.

Hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 3 kati ya 10 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa.

Namna ya kuandaa

Chagua ulezi safi usio na ukungu, uoshe na kuuloweka usiku mmoja. Chuja maji, ufunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu na uache siku moja hadi mbili mpaka uchipue. Anika juani mpaka ukauke kabisa, saga na uchekeche.

Pika uji mzito kama kawaida, uepue na uache upoe kidogo. Tia kijiko kidogo cha unga wa kimea, koroga mpaka ulainike, kisha urudishe jikoni uchemke tena. Hatua hiyo ya mwisho isirukwe, kwa sababu unyevu wa kuoteshea nafaka hukaribisha vijidudu.

Uji peke yake hautoshi. Ongeza maziwa, karanga zilizosagwa au yai, na umpe mtoto matunda na mboga za majani. Chai asipewe pamoja na chakula, kwa kuwa nayo huzuia ufyonzaji wa madini ya chuma.

Mambo ya kuzingatia

Mtoto aanze uji anapotimiza miezi sita, na aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kimea chake kiandaliwe peke yake kwenye vyombo safi. Kikionyesha ukungu au harufu mbaya, kitupwe; kupika hakuondoi sumu ya kuvu.

Jambo la mwisho linahitaji ujasiri kidogo wakati wa Krismasi, familia zinapopanda mlimani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko. Wapo wakubwa wanaomwonjesha mtoto mbege kwa upendo, wakisema ni chakula. Mbege ni pombe, na ubongo wa mtoto bado unakua.

Bibi hapaswi kuaibishwa kwa hilo mbele ya wageni. Mzazi anaweza kumwamkia asubuhi, akamwomba ulezi utakapolowekwa atenge bakuli moja la mjukuu. Kazi yenyewe bibi anaijua kuliko sisi sote.