.htaccess na faili la nywila: Apache inaanza kuhesabu wapi?

Juzi nilihamishia kumbukumbu zetu za miswada kwenye seva mpya ya Debian, na kila aliyeomba kuingia akakutana na kosa la 500. Ndani ya .htaccess nilikuwa nimeandika:

AuthUserFile .htpasswd

Nikidhani, kama wengi tunavyodhani, Apache itatafuta pale pale ilipo .htaccess. Wapi! Njia isiyoanza na mkwaju (/) haihesabiwi kutoka folda hiyo, wala kutoka DocumentRoot. Inaungwa kwenye ServerRoot. Kwa Debian ni /etc/apache2, kwa Red Hat ni /etc/httpd. Basi seva ya watu ilikuwa inahangaika na /etc/apache2/.htpasswd, faili lisilokuwepo. Logi ya makosa ilishasema yote, mimi ndio sikuisoma.

Nikajaribu /siri/.htpasswd. Yale yale! Kwenye kiungo cha HTML mkwaju wa mwanzo ni mzizi wa tovuti, lakini hapa ni mzizi wa mfumo mzima wa mafaili.

Dawa yake ni kuandika njia kamili, mathalan /home/miswada/siri/.htpasswd. Folda hiyo iwe nje ya DocumentRoot, na Apache iwe na ruhusa ya kuisoma. Include na ErrorLog nazo huhesabiwa vivyo hivyo.