Pesa Imetoka, Oda Bado "Haijalipwa": Angalia Faili za Tovuti Yako

Pesa imetoka kwa simu ya mteja, SMS imeingia, lakini kwa tovuti yako oda bado inasoma "haijalipwa". Mteja anakupigia akiwa amekasirika, nawe unatupigia sisi. Tukiangalia rekodi tunakuta malipo yalipita, taarifa ikatumwa kwa seva yako, na seva ikajibu 200, yaani imeipokea vizuri. Sasa shida iko wapi?

Wakati mwingine iko kwa jinsi faili zako zinavyoitana. Chukua duka la viatu lililoandikwa kwa PHP. Fundi haandiki kila kitu kwa ukurasa mmoja. Ufunguo wa siri wa malipo anauweka kwa siri.php, mipangilio.php inaiita siri.php, halafu kila ukurasa unaita mipangilio.php. Faili ndani ya faili, kama sufuria zilizopangwa kabatini. Huo ni mpango mzuri, hatuupingi.

Lakini ukurasa wa mwanzo uko kwa folda kuu, na ule unaopokea taarifa zetu, pokea.php, umewekwa ndani ya folda inayoitwa malipo. Ndani ya mipangilio.php kumeandikwa include './siri.php'. Wengi hudhani ile nukta ya mwanzo inamaanisha folda ya mipangilio.php. Sivyo. Kwa kawaida PHP huihesabu kutoka folda ya ukurasa ambao seva imeufungua. Basi ukurasa wa mwanzo unaipata siri.php bila shida, lakini pokea.php inaitafuta ndani ya folda ya malipo, na huko haipo.

Na hapa ndipo panapouma. Agizo la include likikosa faili, PHP hutoa onyo tu na kuendelea na kazi. Bila ufunguo, taarifa yetu haithibitishwi, oda inabaki vile ilivyokuwa, na seva bado inajibu 200. Sisi tunajua umepata, kwa hivyo haturudii kutuma.

Mwambie fundi aandike hivi: require __DIR__ . '/siri.php'. Hiyo __DIR__ ni folda ya faili yenyewe, haijalishi imeitwa na nani. Nayo require ikikosa faili inasimamisha kila kitu, seva inajibu kosa la 500, na mfumo wetu unajua taarifa haijafika. Afadhali kosa linalopiga kelele.

Kuna pia ile ya mzunguko: kichwa.php inaita menyu.php, na menyu.php nayo inaita kichwa.php. Zitaitana hadi kumbukumbu iishe (kikomo cha kawaida cha PHP ni 128M), na mnunuzi aone ukurasa mweupe. Ukitumia require_once, faili iliyokwisha kuitwa haiitwi tena, kwa hivyo mzunguko unakatika. Ila fundi asiiweke kila mahali! Kama bidhaa.php ndiyo inayoonyesha kiatu kimoja na una viatu 12, utaona kimoja tu.

Fundi akimaliza, usiridhike kwa sababu ukurasa wa mwanzo umefunguka. Weka bidhaa ya shilingi 10, inunue kwa simu yako mwenyewe, kisha fungua oda uone kama imesoma "imelipwa".