Ukonga: Kima cha chini cha kiwanja chamrudisha mnunuzi kwa dalali

ANAYETAFUTA kiwanja kuanzia Ukonga hadi Chanika hutajiwa na dalali kipimo kimoja: "20 kwa 20". Mnunuzi hudhani ananunua mita za mraba 400. Mara nyingi hizo ni hatua za mtu mzima, na hatua ya sentimita 75 humpa mita 15 kwa 15, yaani mita za mraba 225 tu.

Tofauti hiyo ni fedha. Kwa viwango vya mipango miji vya mwaka 1997, kiwanja kidogo kabisa cha makazi kilitakiwa kuwa na mita za mraba 400, na cha eneo la msongamano mdogo kilifika 4,000, karibu eka nzima. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 zilishusha vipimo, lakini mashamba mengi yalikuwa yamekwisha katwa vipande na kujengwa.

Tupige hesabu ya mwenye shamba la eka moja, mita za mraba 4,047. Akiacha, tuseme, robo kwa ajili ya barabara, anabakiwa na viwanja 7 vya mita za mraba 400. Akiuza kwa hatua bila kuacha njia, anapata vipande 17. Hata kila kipande kikienda kwa nusu ya bei ya kiwanja kilichopimwa, bado amepata zaidi, na hajamlipa mpimaji. Nani atamlaumu?

Wenye viwango nao wana hoja. Pasipo na mabomba ya majitaka, choo cha shimo na kisima cha jirani vinahitaji nafasi kati yake. Madalali hawapendi kulisikia hili.

Hata hivyo, utafiti wa Profesa Lusugga Kironde kuhusu Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa viwango vya juu huzaa viwanja vichache vya halali, na ardhi nyingi huendelezwa nje ya utaratibu. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulifika hata Buyuni, upande huu huu wa mji. Asiyemudu bei ya kiwanja kilichopimwa alirudi kwa dalali.

Kwa mwekezaji mdogo, nenda na futi kamba. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa si hati miliki, na benki inajua hivyo. Uliza halmashauri kama eneo lina mchoro wa mipango miji na kima chake ni kipi. Usitegemee urasimishaji peke yake: barabara ikipanuliwa kwa mita 2 upande mmoja, kipande cha mita za mraba 225 kinabaki 195.