Faida Iliyojificha Ndani ya Leso

Baada ya swala ya Alasiri, kijana wa kidato cha tatu alinijia na daftari mkononi, uso umemkunjamana. Shangazi yake, mjane, alikuwa amempa shilingi 64,000 auze leso wakati wa likizo kwa sharti la mudharaba: mtaji wa shangazi, kazi ya kijana, na faida nusu kwa nusu. Alinunua doti 100 kwa shilingi 600 kila moja, akalipa uchukuzi 4,000. Likizo ilipokwisha alikuwa ameuza doti 80 kwa shilingi 800.

"Maalim," akasema, "nimetoa 64,000 na nimeuza kwa 64,000. Sikupata kitu. Shangazi nitamwambia nini?" Nyumbani walikwisha anza kunong'ona kwamba pesa za mjane zimeliwa.

Kutoa kwake hakukuwa na kosa. Alichokosea ni kuzitwika doti 80 gharama ya doti 100. Tukagawa 64,000 kwa 100: kila doti, pamoja na uchukuzi wake (ambao wanafunzi wengi huusahau), imesimama kwa shilingi 640. Doti 80 basi ziligharimu 51,200. Ondoa hizo katika mauzo, faida ni 12,800. I wapi? Imo kabatini, katika doti 20 zilizobaki: 20 mara 640 ni 12,800 hiyo hiyo.

Faida ya kila doti ni shilingi 160. Ukiipima kwa gharama ni asilimia 25; ukiipima kwa bei ya kuuzia ni asilimia 20. Majibu yote mawili ni sahihi, na wengi hupoteza alama kwa kutoangalia ni lipi lililoulizwa.

Kisha nikamuuliza: "Zote umeuza taslimu?"

Akainamisha kichwa. Doti 10 aliwakopesha majirani, shilingi 8,000, na hakuandika popote. Mkononi ana 56,000 tu.

Hapo swali likatoka katika hesabu likaingia katika fiqhi. Katika mudharaba mtaji hurudi kwanza, ndipo faida igawanywe; kwa hiyo hakuna wa kuchukua 6,400 yake kwa sasa. La pili ni zito zaidi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mfanyaji kazi hana ruhusa ya kuuza kwa mkopo ila kwa idhini ya mwenye mali, naye idhini hakuiomba. Deni litakalopotea, dhamana ni juu yake. Na kuhusu kuandika, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana madeni. Kijana ameihifadhi tangu chuoni; nilipomtajia, alicheka kwa haya.

Tukakaa hadi karibu na Magharibi akiyakumbuka majina, mimi nikiandika. Wadeni ni kumi, kila mmoja doti moja. Tisa tuliwapata. Usiku ule alikwenda kwa shangazi yake na daftari, mstari wa kumi ukiwa mtupu.